Kioo cha Nyuma Msimu wa Salfa

Bunduki nimeiacha kwenye msumari wake nyuma ya mlango, pale pale ilipokuwa ikining'inia tangu enzi za Fundi Nandonde. Wageni wa karakana yetu hushtuka wakisikia tunaitishana bunduki, mpaka waone ni mashine tu ya kupuliza upepo wa moto, yenye mpini na mdomo, na waya ambao nimeuzungushia utepe mweusi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mimi nimestaafu. Mgongo umegoma kuingia ndani ya magari madogo, na fundi wa tinti asiyeweza kujikunja kwenye kiti cha nyuma abaki nyumbani achambue mboga. Vijana mliobaki mmenisumbua niandike, basi naandika. Msitafute humu nani alifanywa msimamizi na nani alikuwa analipwa nini. Hayo mnayajua, na mengine mmeyatia chumvi wenyewe.

Nitaandika juu ya kioo cha nyuma, kwa sababu ndicho kinachowaleta watu kwetu wakiwa wamenuna. Vioo vya pembeni mtu anaweza kuviwekea tinti mwenyewe Jumapili, akatoka na kazi isiyomtia aibu. Nimeona walimu wakifanya, nimeona hata mchungaji mmoja. Kioo cha nyuma kina tabia nyingine.

Nilianza kazi Masasi nikiwa kijana ambaye chombo pekee nilichojua kukiendesha ni baiskeli. Wakati huo tinti haikuwa kazi ya kumlisha mtu. Tulikuwa tunafunga vioo vya malori, vile vinavyoshikwa na mpira: unaingiza kamba kwenye mfereji wa mpira, unapaka sabuni, mmoja anasukuma kutoka nje na mwingine anavuta kamba kutoka ndani, kioo kinakaa mahali pake kwa mlio wa kuridhisha sana. Fundi Nandonde alikuwa Mmakua wa Lisekese, mfupi, mkali, mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Aliitika marahaba bila kuinua macho, akanipa wembe mpana wa kukwangulia na ndoo ya maji ya sabuni, akanisimamisha mbele ya kioo kilichotolewa kwenye basi bovu.

Aliniambia nifumbe macho, nilowanishe kioo, nipitishe wembe. Nilidhani ananifanyia mzaha wa mgeni, maana nilitoka uwanda wa juu wa Newala, na watu wa bondeni hawamalizi utani juu yetu watu wa huko juu na shida yetu ya maji. Nikapitisha. Akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia kama mchanga mdogo.

"Basi kichafu," akasema. "Endelea mpaka kinyamaze."

Niliendelea. Mkono uliuma, maji yakabadilishwa, na kioo kilichoonekana safi tangu mwanzo kiliendelea kulalamika chini ya wembe. Kisha sehemu moja ikanyamaza, na nyingine, na mwisho kioo chote. Huo ukimya siwezi kuwaeleza kwa maneno, lakini kila mmoja wenu nimemsimamisha pale pale, na ninyi pia mlidhani ni mzaha. Macho hudanganywa na mwanga. Chembe ya vumbi usiyoiona leo utaiona kesho ikiwa chini ya karatasi ya tinti, imenenepa kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na hapo huna la kuifanya.

Tinti ilipoanza kupendwa, Nandonde alijifundisha mwenyewe kwa kuharibu. Alinunua karatasi, akaharibu. Akanunua tena, akaharibu kwa namna mpya. Nilimpenda kwa hilo. Wapo mafundi wanaoficha kazi zilizowaharibikia. Yeye alizitundika ukutani, akawa anazionyesha kwa fimbo kama mwalimu wa jiografia anavyoonyesha mito.

Tabu ya kioo cha nyuma ni hii. Karatasi ya tinti ni bapa, na kioo cha nyuma kimepinda huku na huku kama mgongo wa chungu. Ukiilaza karatasi juu yake inakataa. Inainuka mikunjo mirefu ambayo sisi tunaiita vidole. Mikunjo hiyo huiondoi kwa nguvu. Unailaza karatasi kwa nje kwanza, kioo kikiwa kikavu na kimepakwa poda kidogo ili iteleze, halafu unapitisha bunduki juu ya kila kidole, taratibu, karatasi inajikaza kwa joto mpaka inachukua umbo la kioo. Ukichelewesha bunduki kidogo tu, karatasi inajikunyata na kuungua. Ukiwahisha, kidole kinabaki. Ikishakubali ndipo unaibandua ngozi yake inayolinda gundi, unaihamishia ndani ya gari, kwa maji ya sabuni, huku umejikunja kwenye kiti na kichwa kikigonga dari. Na ndani kuna zile nyaya nyembamba za kupasha kioo moto, ambazo wembe ukizikwaruza zimekufa.

Sasa mtu anauliza, nifanye mwenyewe au niwape mafundi? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kumsimulia bwana mmoja wa Mkunya. Alisikia kwamba tunapaka poda. Hakuwa na poda, akachukua unga wa muhogo, akauchekecha vizuri kabisa kwa chekecheo la mkewe, akaumwaga juu ya kioo. Mpaka hapo simlaumu, maana unga wa muhogo mkavu unateleza. Lakini alikuwa amesikia pia habari ya maji, akachanganya hatua, akanyunyiza maji juu ya unga kisha akawasha moto. Alituletea gari lina uji ulioiva na kukauka kati ya kioo na karatasi. Nandonde alizunguka gari lile mara kadhaa kwa heshima, akamuuliza kama amesahau mboga.

Tulicheka sana, na hadithi hiyo iliniletea wateja. Nilikuwa naisimulia kila mara, mpaka alipokuja Mama Hawa.

Kabla sijamfikia lazima niseme juu ya salfa, kwa faida ya wale mliotoka mbali. Mikorosho ikianza kuchanua, mwezi wa sita na kuendelea, inashikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, na dawa yake ni unga wa salfa. Watu wanaupuliza kwa mashine za kubeba mgongoni, alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike na upepo ukiwa bado haujaamka. Kijiji kizima kinanguruma kabla jua halijatoka, na wingu la njano linatanda juu ya mashamba. Linaingia puani, kwenye chai, kwenye shuka, kwenye mipira ya milango ya gari. Fundi yeyote wa mahali pengine atakwambia tinti ifungwe asubuhi na mapema, hewa ikiwa baridi na imetulia. Huku kwetu, msimu huo, asubuhi na mapema ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mchana nao kuna upepo unaorudisha kila kilichotua. Alikuja fundi mmoja hodari kutoka mjini, akafunga kioo cha nyuma alfajiri ya mwezi wa saba jinsi alivyozoea kwao, na jua lilipotoka kioo kilikuwa na vidoa vya njano kote kama yai la kanga. Hakuwa mzembe. Hakuambiwa tu.

Kwa hiyo Nandonde aliweka amri: mashine za salfa zikianza kulia, vioo vya pembeni tunafunga, cha nyuma hatufungi mpaka zinyamaze. Cha nyuma kinachukua muda mrefu mno, na karatasi inakaa wazi muda wote huo ikisubiri uchafu. Wateja walikasirika, wengine waliondoka. Hakuibadilisha.

Mama Hawa alikuja katikati ya mwezi wa sita, akiendesha gari la marehemu mumewe, lile la kizamani ambalo kioo chake cha nyuma kimelala sana. Alikuwa mkulima wa korosho wa Makote, kule Newala, mrefu, asiye na haraka ya maneno. Bintiye Hawa, mtoto mwenye ualbino, alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya hapa Masasi yenye walimu wanaojua kumsaidia mtoto asiyeona vizuri ubaoni. Angekaa bweni, na mwisho wa wiki mama angemchukua. Shule ilikuwa inafunguliwa mwezi wa saba.

Nilimuuliza kwa nini kioo cha nyuma, na kwa nini sasa. Alinijibu kwa kumwita mtoto, akamvua kofia na kushusha kola. Shingo ya Hawa ilikuwa imebabuka nyekundu, na katikati palikuwa na kidonda kilichokuwa kikianza kufunga. Hiyo ilikuwa safari moja tu, ya kumpeleka kuonana na mwalimu mkuu.

Nilielewa papo hapo, na mtu yeyote anayeifahamu njia ile angeelewa. Masasi iko upande wa machweo wa Newala. Ukienda asubuhi, jua liko nyuma yako. Ukirudi jioni, jua bado liko nyuma yako. Kwenda na kurudi linakaa kwenye shingo ya aliyeketi nyuma, na kioo kilicholala namna ile kinalipokea lote. Alijaribu kutundika kanga, akawa haoni gari linalomfuata kwenye kona za mlima. Alimfunika mtoto mtandio, lakini mtoto ni mtoto, joto likimzidi anavua. Daktari wa ngozi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba vidonda kama vile vikirudi rudi, siku moja kimoja hakitafunga. Mama Hawa alilitamka hilo kwa sauti ya chini, mtoto akiwa ameenda kutazama vioo vya rangi.

Nandonde alimsikiliza mpaka mwisho. Nilimwona akimtazama yule mtoto, na najua aliumia. Lakini alimweleza ukweli: tukifunga sasa, salfa itaingia chini ya karatasi, karatasi itaachia kwenye kila chembe, na kabla ya sikukuu itakuwa inaning'inia. Amwache mtoto nyumbani mpaka msimu uishe. Mama Hawa akasema nafasi ile haitamsubiri. Kisha akasema basi afundishwe afanye mwenyewe. Nandonde akamwambia tatizo si mikono, tatizo ni hewa, na hewa hata yeye haiwezi.

"Hewa niachie mimi, Fundi," akasema Mama Hawa. "Wewe nifundishe kioo."

Mzee yule aliyekuwa hamfundishi mtu mpaka amsumbue kwanza, akampa ndoo na wembe pale pale.

Alikuja kila siku wiki ile na iliyofuata, wakilala kwa ndugu yake hapa mjini ili mtoto asirudi njiani juani, Hawa akiwa amekaa ndani kivulini. Kulikuwa na kioo cha nyuma cha gari lililopinduka, kikiwa kimelazwa juu ya matairi uani, na tulikuwa na vipande vya karatasi vilivyobaki. Mimi ndiye niliyeachiwa nimwelekeze, na nilitegemea uji wa Mkunya. Siku ya kwanza aliunguza vipande vingi. Siku ya pili nikaona anasogeza pua karibu na karatasi. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia amebangua korosho tangu akiwa mtoto, na korosho juu ya moto inanukia namna fulani kabla tu ya kuungua. Kila kitu kina harufu yake ya kuonya. Baada ya hapo hakuunguza tena. Mimi ambaye nilikuwa nategemea macho miaka yote, nilianza kunusa, na ninanusa mpaka leo, na ninyi mnanicheka.

Vidole alivielewa upesi kuliko nilivyovielewa mimi. Hakuvikimbilia. Alikigawa kikubwa kuwa vidogo, akavilaza kimoja kimoja, akipumua kwa mdomo. Nandonde alikuwa akipita nyuma yake akijifanya anatafuta bisibisi.

Ilipokaribia shule kufunguliwa, aliomba bunduki. Nandonde akasema bunduki haisafiri bila mtu wake, na mtu wake akawa mimi. Nilipanda pikipiki hadi Newala, na kutoka pale hadi Makote, mashine imefungwa kwenye taulo mapajani kama mtoto mchanga. Nilifika jua likiwa limesimama. Nilipewa malazi kwa jirani.

Asubuhi niliamka na hofu kidogo, nikidhani nimechelewa kuamka, maana palikuwa kimya. Nikatoka nje. Bado giza lilikuwa linajitenga, umande umejaa, hewa haitikisiki. Ilikuwa saa ile ile ambayo Makote yote ingekuwa inanguruma. Nilisikia mtu akitwanga nyumba ya tatu. Nilisikia mbuzi. Nilimuuliza mwenyeji wangu kama dawa imekwisha dukani. Akaniambia hapana, dawa ipo, wamezima. Wamezima tangu jana ili vumbi lipate kutua. Wanasubiri Hawa amaliziwe kioo chake.

Sijui kama ninyi wa mjini mnaelewa uzito wa jambo hilo. Maua ya korosho hayasubiri mtu. Asubuhi moja ukiiacha, umeupa ubwiriunga ruhusa. Ukiacha mbili, unacheza na mwaka mzima wa nyumba yako. Nilipomkuta Mama Hawa nilimuuliza aliwaambia nini watu wale. Alikuwa anamimina maji kwenye ndoo, hakuacha.

"Nilipita naye nyumba kwa nyumba. Sikuwa na maneno mengi. Nilimgeuza tu wamwone shingo."

Nilikuja kujua baadaye kutoka kwa mwenyeji wangu kwamba katika nyumba zile zilikuwamo ambazo zamani hazikumpa Hawa mkono, na mzee mmoja aliyekuwa akibadili njia akimwona anakuja. Mzee huyo ndiye aliyezima mashine yake kwanza, akaiweka mlangoni ili wengine waione. Mwenyeji wangu alisimulia kama mtu anayesimulia habari za mvua. Mimi ilibidi nitazame pembeni.

Gari lilikuwa ndani ya banda. Alikuwa ameliosha siku nyingi mfululizo, mpaka ndani ya mipira ya milango, kwa maji ambayo huko juu hayaji kirahisi. Banda alilizungushia vitenge vilivyolowa ili kilichobaki hewani kinase humo. Jenereta ilikuwa ya msikitini, ile ya kipaza sauti, imewekwa mbali nyuma ya nyumba na waya mrefu. Hawa alikaa juu ya kigoda kwenye kona ya banda, kofia kichwani, akiambiwa kila baada ya muda asitimue vumbi, ingawa alikuwa hatikisiki.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika bunduki pale asipoihitaji. Alilaza karatasi kwa nje, akapaka poda, akaanza. Nilimtazama kuanzia kidole cha kwanza, na nawaambia sikuona kosa. Pale chini kushoto palikuwa na kidole kigumu. Kila kioo kina kimoja cha namna hiyo. Alikirudia, kikakataa. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Hakuniangalia.

"Niachie, Fundi."

Nikarudisha mkono. Akakata, akaingia ndani ya gari, akajikunja kwenye kiti, mwanamke mrefu vile, magoti yakigusa kidevu. Akalowanisha kioo, akashika wembe kwa kuulaza, akafuata nyaya kwa urefu wake asizikwaruze, na nikaona amefumba macho. Kioo kililalamika, kikalalamika, kikanyamaza. Ndipo alipoita karatasi. Nikampa nikiwa nimezuia pumzi. Aliiweka, akaisogeza juu ya maji mpaka ikakaa, akakamua maji kwa raba kutoka katikati kwenda kando, hakuacha hata pembe ikiwa na unyevu.

Alipotoka hakusimama wima mara moja. Tulifungua vitenge upande wa mashariki jua liingie. Chini kushoto palibaki mkunjo mdogo kama punje ya mchele. Sehemu nyingine yote ilikuwa safi, na hapakuwa na doa moja la njano. Ningefunga mimi, mkunjo ule usingekuwapo, hilo nalisema bila unyenyekevu wa uongo. Lakini nisingepata asubuhi ile. Hakuna fundi, hapa wala Dar es Salaam, ambaye angeweza kuwazimisha watu wa Makote mashine zao. Ujuzi huo ulikuwa wake, na niliuheshimu siku ile kuliko ujuzi mwingine wowote nilioukuta katika kazi hii.

Kesho yake alfajiri tuliondoka kwenda Masasi, mimi mbele, Hawa nyuma na sanduku lake la bweni. Vijana, lile jua lilipopanda lilikuja kutukalia mgongoni kama ilivyo desturi yake. Niligeuka. Lilikuwa limeishia kwenye kioo, na ndani ya gari mwanga ulikuwa mpole, wa rangi ya chai. Hawa alikuwa amevua kofia, anasinzia, shingo wazi. Mama yake alimtazama kwenye kioo cha dereva, akarudisha macho barabarani. Na pale tulipolipita shamba la mwisho la Makote, nikasikia nyuma yetu, kama walikuwa wakingoja gari litoke, mashine moja inawashwa, halafu nyingine, halafu zote.

Nilipomsimulia Nandonde, aliweka chini wembe aliokuwa anaufuta. Akaniuliza mkunjo ule umebaki kona gani. Nikamwambia chini kushoto. Akatikisa kichwa, akasema ile kona imemtesa hata yeye, na akaenda kunywa chai.

Nandonde amefariki, karakana ikaniangukia mimi, na amri yake ya salfa sikuigusa. Mambo mengine yalibadilika. Siku hizi mteja anakuja na simu anionyeshe video ya mtu wa nchi asiyoijua akifunga kioo cha nyuma huku muziki unalia. Akiniuliza afanye mwenyewe au aniachie mimi, simsimulii tena uji wa Mkunya peke yake. Ninamuuliza kwanza analifanya kwa ajili ya nini. Akisema anataka gari lipendeze, ninamwambia aniachie, ataharibu karatasi na kujitia hasira bure. Akisema jambo lingine, ninampa ndoo na wembe, nisikilize kioo chake. Wengi wanarudisha wembe baada ya muda mfupi, nami ninafunga. Wachache hawarudishi. Hao wapeni kile kioo cha uani na vipande vilivyobaki, na msiwacheke wakiunguza.

Hawa alimaliza shule ile, akaenda nyingine, na nyingine. Mwisho wa wiki niliwaona wakipita mbele ya karakana, gari lile lile, mama akipiga honi. Sasa Hawa ni mwalimu hapa hapa Masasi, wa watoto wadogo, na anakwenda Makote mara nyingi awezavyo. Haendeshi kwa sababu ya macho, ana binamu anayemwendesha, naye bado anakaa kiti cha nyuma. Kidonda cha shingo kilifunga, hakikurudi. Nilimwuliza mwenyewe mwaka juzi, akageuka akanionyesha.

Msimu uliopita, ambao nilijua ni wa mwisho kwangu, simu iliita asubuhi nikiwa nimefika karakana kabla yenu. Ulikuwa mwezi wa saba. Alikuwa Mama Hawa. Baada ya salamu akaniambia karatasi yake imezeeka, imegeuka zambarau na kuanza kuachia kwa juu, jua linapita. Gari liko kwake, Hawa yuko likizo, na shule inakaribia kufunguliwa. Alijaribu kuanza mwenyewe, lakini mikono inatetemeka siku hizi, haitulii juu ya kidole. Akaniomba niende nifunge mimi.

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nikamwambia Mama Hawa, wewe unaijua amri ya Mzee, ni msimu wa salfa, tusubiri mashine zinyamaze.

"Ngoja nitoke nje," akasema.

Nilisikia mlango, na ndala zake zikiburuta uani. Akasema safari hii hakuzunguka kuomba. Majirani walimwona anahangaika na kioo, wakaulizana wenyewe.

"Sikiliza, Fundi."

Nikabana simu sikioni na kufumba macho. Kulikuwa na jogoo mmoja, mbali. Kulikuwa na mtu anakohoa. Baada ya hapo sikusikia mashine wala kitu kingine, na nilisikiliza kwa muda mrefu.

Kisha nikanyoosha mkono nyuma ya mlango, nikaitoa bunduki kwenye msumari.